Kupanga matunzo ya mzee anayeendelea kuishi nyumbani

Kabla ya kutafuta mhudumu, mchunguzeni mzee kwa wiki nzima. Andikeni anavyomudu mambo sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kuzuia haja, na kuinuka kitandani hadi kitini. Kwa kila moja wekeni alama: anaweza mwenyewe, anahitaji kushikwa mkono, au hawezi kabisa. Andikeni na saa. Familia nyingi huajiri mtu wa mchana, kumbe mzee huanguka usiku akienda chooni.

Anayetembea lakini hukaa mpweke atafaidi zaidi kituo cha kutwa cha wazee. Ulizeni kwanza kuhusu usafiri, na nani humpa dawa za mchana. Anayeshindwa kuoga au kuvaa anahitaji mhudumu wa nyumbani kwa saa zile zile za shida. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili, usiku pia. Kila anapogeuzwa, tazameni visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo: wekundu au weusi usiotoka eneo likiacha kulaliwa ni dalili ya kidonda kinachoanza. Msipasugue.

Wekeni daftari moja kando ya kitanda: dawa, chakula, choo, kugeuzwa. Bila daftari, wahudumu wakipokezana dozi hurudiwa au husahaulika.

Mlezi mkuu apangiwe siku za kupumzika tangu mwanzo, na jina la atakayemshikia zamu liandikwe. “Tutasaidiana” haitoshi, mzigo humwangukia yule anayeishi karibu.