SOMO: Kufunga kamera pana za ulinzi za nje (nyuzi 180) nyumbani, kwa sisi wa Mwanza

Wakuu, habari za leo. Wiki hii wamenipigia watu wanne na swali ni lile lile: "Fundi, nimenunua kamera inayoona uwanja wote, mbona usiku haioni kitu?" Nimelijibu Igoma, nimelijibu Buswelu, nimelijibu kwa simu mpaka Sengerema. Naliandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Nazungumzia kamera za lenzi mbili zinazounganisha picha ikawa moja ya nyuzi 180. Kamera ya kawaida ya lenzi ya milimita 2.8 huona nyuzi 100 na kitu. Zile za duara za nyuzi 360 ni za darini. Barazani zinafaa zaidi kuliko ukutani.

1. Tembea uwanjani kabla ya kununua. Wenye viwanja vya mlimani, angalieni mawe. Nyuma ya jabali mtu mzima anakaa usiku kucha, na lenzi iwe pana kiasi gani, nyuma ya jiwe haioni.

2. Piga hesabu. Hapa ndipo wengi wanaponunua kwa macho. Picha ya kamera hizi tuseme ina upana wa pikseli 4,096 (pikseli ni vile vitone vinavyounda picha). Pikseli hizo zinagawanywa kwenye nusu duara, kwa hiyo chukua umbali uzidishe kwa 3.14. Mtu akiwa mita 5 kutoka kwenye kamera, nusu duara ni mita 15.7; gawa 4,096 kwa 15.7, unapata kama pikseli 260 kwa kila mita. Akiwa mita 10 zinabaki 130. Akiwa mita 20 zinabaki 65. Kipimo ambacho watengenezaji wengi hukiandika kwenye karatasi za kamera zao ni hiki: pikseli 250 kwa mita kumtambua mtu usiyemjua, 125 kumtambua unayemjua, 62.5 kuona anafanya nini, 25 kujua tu kwamba kuna mtu. Kwa hiyo kamera pana inakueleza nini kimetokea uwanjani. Ukitaka sura ya aliyeingia getini, na geti liko mita 15, weka kamera ya pili yenye lenzi inayoona eneo jembamba, ielekee getini tu.

3. Kebo ya mtandao iwe ya shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba, na isizidi mita 100. Umeme wa kamera unapita humo humo.

4. Urefu wa kamera kutoka chini uwe mita 2.5 hadi 3. Ukipanda zaidi utapiga picha za kofia.

5. Mahali pa kufunga ukutani. Someni hapa taratibu. Miaka michache iliyopita nilimfungia mama mmoja kule Bwiru. Nilibandika kamera ikalala bapa kwenye ukuta mweupe, chini kidogo ya paa. Mchana picha ilikuwa safi, akafurahi, nikaondoka saa kumi jioni. Siku ya tano wakamwibia pampu ya maji. Tulipofungua rekoda, pembeni mwa picha kulikuwa kweupe pande zote mbili na katikati giza tupu. Walipita mita 6 mbele ya kamera na hatukuona hata kivuli. Pesa yake ya ufundi nilirudisha na kamera nikaifunga upya, lakini pampu haikurudi, na ile sura yake mbele ya skrini sijaisahau.

Sababu ni hii. Usiku kamera hutoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho yetu. Kwa kuwa inaona nyuzi 180, inauona ukuta ule ule ilipobandikwa, kushoto na kulia. Mwanga unagonga ukuta ulio karibu, unarudi ukiwa mkali, na kamera inadhani kuna mwanga wa kutosha. Inapunguza uwezo wake, na mbali kunakuwa giza. Paa likionekana juu ya picha, mambo ni yale yale.

ONYO: usibandike bapa ukutani. Tumia mkono wa chuma unaoitoa kama sentimita 30, au funga kwenye kona ya nyumba. Ishushe chini ya paa mpaka paa lisionekane kwenye picha.
ONYO: kabla ya kutoboa, ikifika saa mbili usiku ishikilie hapo kidogo huku mwenzako anatazama kwenye simu. Fundi anayekataa kurudi usiku, usimmalizie malipo.
ONYO: ukishaifunga, futa kioo. Alama za vidole hutawanya mwanga, na usiku picha inakuwa ya ukungu.

Mshono wa lenzi mbili pia uangalie. Kitu kilicho karibu sana kikipita pale picha zinapokutana, huonekana mara mbili au nusu yake hupotea. Zungusha kamera ili mshono uangukie penye ukuta mtupu, si penye mlango.

6. Radi. Kanda ya ziwa mnajua wenyewe. Weka kizuia radi kwenye kebo ya nje na uiunge kwenye eathi ya kweli (waya unaopeleka umeme ardhini). Penye jabali fimbo ya eathi haiingii, hivyo tafuta penye udongo hata kama ni mbali, au chimba mtaro ulaze waya wa shaba mtupu, kisha fundi umeme aipime.

7. Badilisha nywila iliyokuja na kamera. Siku hiyo hiyo.

8. Kamera isichungulie kwa jirani. Programu ina sehemu ya kuziba eneo kwa kivuli cheusi, itumie. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, dirisha la jirani si uwanja wako.

Maswali karibuni.

Kijana wa Nyegezi: Mkuu kamera gani nzuri na bei gani?

Mwandishi: Nzuri kwa uwanja wa mita ngapi? Fanya hatua ya 1 na ya 2, kisha urudi na namba.

Rock City Boy: Yangu nimefunga juu ya mlingoti mita 6, naona kila kitu ila sura hazionekani. Tatizo ni rekoda?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Mzee wa Pasiansi: Fundi, mbona mnatutisha na mawaya? Mimi natumia waifai mwaka wa pili na sina shida. Mafundi mnataka kuuza kebo.

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu. Kebo siuzi, mteja ananunua mwenyewe dukani. Kama ruta iko karibu na ukuta ni mmoja, waifai inatosha, na kwako inaonekana ndivyo ilivyo. Nyumba nyingi ninazofunga ziko mlimani zenye kuta za mawe, mawimbi yanafia humo. Na kamera ya waifai bado inahitaji waya wa umeme, kwa hiyo kutoboa kuko pale pale.

Mzee wa Pasiansi: Marahaba. Hapo nimekuelewa.

Dogo Buzuruga: bando la GB 10 litatosha mwezi?

Mwandishi: Ukirusha picha mtandaoni saa zote, halitoshi hata siku moja. Kamera ikitumia megabiti 6 kwa sekunde, ni kama GB 65 kwa siku. Rekodi nyumbani kwenye diski. TB 1 inakupa siku 15 hivi, kisha inafuta za zamani. Bando litumie kuchungulia tu, kwa picha ndogo.

Mama Dagaa Kayenze: Kaka, samahani kwa swali refu. Niko mita kama 80 kutoka ziwani. Kuna siku wale wadudu wa ziwani wanakuja kama moshi. Simu inalia usiku kucha "mtu ameonekana", nikitazama ni wadudu. Asubuhi kamera imejaa utando wa buibui. Nimejaribu kuipaka mafuta ya taa pembeni. Je, nahamisha kamera au kuna njia?

Mwandishi: Dada, hili swali nililisubiri. Usihamishe. Kwanza zima taa nyeupe ya kamera yenyewe, hiyo ndiyo inayowaita. Weka taa nyingine ya rangi ya njano mita 4 au 5 pembeni ya kamera, ikimulika uwanja. Wadudu wataenda kule, buibui atawafuata, na lenzi inabaki safi. Pili, kwenye programu zima tahadhari ya "mwendo wowote" uache ya "binadamu" peke yake. Tatu, brashi laini kila wiki, na msimu wa wadudu kila siku mbili. Mafuta ya taa acha, yanaharibu plastiki na mpira unaozuia maji.

Rock City Boy: Hata mimi buibui wananisumbua, asante dada kwa kuuliza.

Mama Dagaa Kayenze: Nimefanya jana. Usiku simu imelia mara mbili tu, zote ni mlinzi. Na niwape jingine: kamera yangu inashika uwanja wa kuanikia dagaa pamoja na kipande cha ziwa. Nikiwa mjini nafungua simu, nikiona mawingu meusi upande wa maji nawapigia vijana waanue kabla ya mvua.

Mwandishi: Dada, hilo sikuwahi kulifikiria. Jua la jioni linaingia kwenye lenzi upande huo? Kama linaingia, zungusha kidogo ziwa libaki ukingoni mwa picha, uwanja wa dagaa usipate giza.