Paka poda kwenye kalibu kabla ya kumimina rezini

Kama taa, bolti za gurudumu na vipande vingine vidogo vya modeli ya matatu ya skeli 1/24 (ndogo mara 24 kuliko gari halisi) vinatoka na vitobo vya hewa kwenye kona, paka poda ya talki ndani ya kalibu ya silikoni kwa brashi laini. Fika pembeni kabisa, kisha igeuze uigonge mgongoni hadi vumbi liache kudondoka. Silikoni ipoteze mng'ao tu. Ukiona weupe, imezidi na itafuta alama ndogo. Rezini ya poliyurethani (plastiki ya kimiminika inayoganda) haishiki silikoni vizuri, hujikusanya kama tone la maji juu ya jani la nduma na kufungia hewa chini. Punje za talki huivuta mpaka ndani ya kona.

Inayoharibu kazi ni poda yenye unyevu, na Kisumu wakati wa masika haikosekani. Maji yakikutana na poliyurethani hutoa kaboni dioksidi, kipande kinaumuka kama andazi. Pasha talki kwenye sufuria kavu, moto mdogo, dakika 10, ipoe ndani ya kopo lililofungwa. Lakini soma lebo kwanza: poda nyingi za watoto ni wanga wa mahindi, nao unashika moto. Vaa barakoa.

Kwa vioo na rezini angavu usitumie, itafifisha. Tundu refu lisilo na njia ya hewa nalo halisaidiki kwa poda, likatie mfereji wa kutolea hewa.