Kumsafisha mbwa meno: anzia kwenye ufizi

Mbwa mzima ana meno 42, na ni nadra yatoboke kama yetu. Kinachomng'oa meno ni ugonjwa wa ufizi. Saa chache baada ya kusafishwa, ukoga laini huanza kujitanda pale jino linapozama kwenye ufizi. Ndani ya siku mbili tatu madini yaliyomo kwenye mate huugandisha, ukawa mgumu wa rangi ya manjano au kahawia. Ule laini hutoka kwa mswaki. Ule mgumu hautoki hata usugue mpaka kesho. Kwa hiyo kumsafisha kila Jumapili, siku ya kumwogesha, hakusaidii sana: wiki nzima ukoga umeshaganda. Piga mswaki kila siku. Ukishindwa, angalau siku tatu kwa wiki, zisizofuatana.

Kabla ya kumshika mdomo, hakikisha chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati. Mbwa ambaye ghafla anadondosha mate, taya limelegea na anaonekana kama amekwamwa na mfupa, usimtie mkono kinywani kumsaidia. Kichaa cha mbwa huweza kujionyesha hivyo hivyo, bila ukali wowote. Mfungie mahali salama, umpigie daktari wa mifugo. Ukishang'atwa au mate yakakuingia kwenye kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kagua kwanza

Mtoe kwenye mwanga wa mchana, inua mdomo wa juu upande mmoja. Ufizi mzima ni wa waridi, au mweusi kwa mbwa wengi, na haya yote mawili ni kawaida. Sehemu isiyo nyeusi, ibonyeze kwa kidole hadi ipauke kisha uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mstari mwekundu kwenye ukingo wa jino maana yake ufizi umeanza kuvimba, na hapo bado unarudi ukisafishwa vizuri. Mfupa unaoshika jino ukishaanza kuliwa, haurudi.

Ufizi mweupe au wa manjano kinywa kizima si kazi ya mswaki. Mahali penye kupe wengi, hiyo mara nyingi ni homa inayoenezwa na kupe. Mpeleke kwa daktari leo.

Jino la kuangaliwa kuliko yote ni lile kubwa la pembeni juu, lililo chini ya jicho. Mrija wa mate unafungukia karibu nalo, ndiyo maana ukoga mgumu huanzia hapo. Meno ya mbele yanaweza kung'aa huku hili limefunikwa kabisa.

Vifaa

Mswaki laini wa mtoto unatosha. Kwa mbwa mdogo, zungushia kidole kitambaa laini cha pamba. Dawa ya meno iwe ya mbwa, inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Usitumie ya kwako: mbwa hajui kutema, floraidi yote inaishia tumboni, na baadhi ya dawa zina zailitoli, sukari mbadala inayoshusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi na kuharibu ini. Chumvi na magadi humjaza sodiamu. Mkaa na majivu hukwaruza jino, na mikwaruzo ndiyo inayoshika ukoga mpya. Ukikosa dawa ya mbwa, tumia maji matupu. Kazi kubwa inafanywa na nyuzi za mswaki.

Kumzoesha

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa haraka. Jipe wiki mbili hadi nne. Siku za mwanzo mguse midomo tu, kisha mpe kitu anachopenda. Akitulia, chovya kidole kwenye maji ya nyama yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwake) na upitishe kwenye ufizi wa juu. Halafu kitambaa, halafu mswaki usio na dawa kwa sekunde chache, na dawa mwisho. Akivuta kichwa, rudi hatua moja. Akinguruma, acha kabisa siku hiyo. Mbwa anayenguruma anaposhikwa mdomo huenda ana jino linalomuuma.

Kupiga mswaki

Kaa ubavuni mwake, usimkabili uso kwa uso. Usimpanue kinywa. Kiache kimefungwa, inua mdomo kwa kidole gumba, ingiza mswaki shavuni. Dawa iwe kiasi cha punje ya njegere kwa mbwa mkubwa, punje ya mchele kwa mdogo. Ulaze mswaki kwa pembe ya nyuzi 45, nusu yake kwenye jino na nusu ikigusa ukingo wa ufizi, uzungushe taratibu bila kukandamiza. Anza na chonge, rudi nyuma hadi magegoni, malizia meno ya mbele ambayo mbwa wengi hawapendi yaguswe. Sekunde 30 kila upande. Upande wa ndani unasuguliwa na ulimi, usigombane naye kwa ajili yake.

Damu kidogo siku za mwanzo huwa ni ufizi uliovimba, na hupungua. Ikiendelea baada ya wiki mbili, kuna tatizo chini ya ufizi. Kila mbwa na mswaki wake.

Mifupa

Imani kwamba mfupa unasafisha meno ina ukweli nusu. Unakwangua ncha ya jino, lakini ukingo wa ufizi unabaki vilevile. Halafu mfupa mgumu wa ng'ombe, au kwato, hupasua lile lile jino kubwa la juu. Mzizi ukioza, uvimbe hutokea chini ya jicho na watu hudhani ameumwa na nyuki. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Kipimo: kitu ambacho kucha yako haiwezi kukibonyeza hata kidogo, usimpe atafune.

Watoto wa mbwa

Wana meno 28, na hubadilisha kati ya miezi 4 na 7. Kipindi hicho mguse tu mdomo asisahau. Baada ya mwezi wa 7, ukiona chonge mbili zimebanana mahali pamoja, jambo la kawaida kwa Maltese, Chihuahua na mbwa wengine wadogo, ile ya utotoni ing'olewe.

Kwa daktari

Harufu kali, kutafuna upande mmoja, kudondosha chakula, jino linalocheza au kupiga chafya baada ya kula: mpeleke. Usafishaji kamili hufanywa chini ya nusukaputi, kwa sababu uchafu unaoumiza uko ndani ya ufizi. Kukwangua mbwa akiwa macho kunapendezesha jino tu, na kisu au msumari nyumbani ni vibaya zaidi. Baada ya usafishaji, uliza siku ya kurudia mswaki. Waliong'olewa meno kwa kawaida husubiri wiki mbili hivi, wakila chakula laini.