Penta fupi za vipepeo: kuotesha kutoka tawi moja

Shemeji yangu alinipigia simu juzi: "Matawi yako yote yameoza." Nikacheka, maana mwaka wangu wa kwanza nami niliozesha ishirini na manne kabla hata moja halijashika. Haya ndiyo niliyomweleza.

Penta, au Pentas lanceolata kwa jina la kitaalamu, ni wa ukoo mmoja na mbuni wa kahawa. Si mgeni kwetu. Asili yake ni Afrika na Yemeni. Maua yake ni vinyota vya ncha tano vilivyosongamana kama shada, na mmea huishi miaka, si msimu mmoja. Penta wa porini hupita kimo cha mita moja. Kwa kibaraza tafuta wale wafupi wa sentimita 30 hadi 45.

Hatua ya 1: Omba tawi

Kwa jirani. Mbegu achana nazo: ni ndogo kama vumbi, zinataka mwanga ili ziote (ukizifukia umezizika), na zikitoka kwenye chotara wa dukani hujui zitaleta mmea gani.

Hatua ya 2: Mchanga

Mchanga wa mto, uliooshwa. Wa pwani una chumvi, usiuguse. Jaza kwenye viriba au makopo yenye matundu chini.

Hatua ya 3: Kuotesha mizizi

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo tulia.

Kata asubuhi, kabla jua halijakali. Chagua chipukizi laini lisilo na ua wala kitumba, kwa sababu tawi lenye ua linatumia nguvu kwenye ua badala ya mizizi. Kama yote yana maua, yanyofoe. Urefu wa kidole cha kati unatosha, sentimita 8 hadi 10. Kata chini kidogo ya kifundo, pale majani mawili yanapokutana na shina, kwani mizizi hutokea hapo kwa urahisi. Tumia wembe mpya. Mkasi wa jikoni unabana shina na kuliponda, na palipopondeka ndipo kuoza kunapoanzia. Ondoa majani ya chini, bakiza manne ya juu. Kama ni makubwa, yakate nusu.

Toboa shimo kwa kijiti kwanza, ndipo uchomeke. Ukilisukuma tawi lenyewe mchangani unalichubua.

Sasa kosa langu. Niliweka samadi kwenye mchanga nikidhani nayasaidia. Tawi lisilo na mizizi halili chochote. Samadi ilishika maji tu, na matawi yakawa meusi kuanzia chini. Kosa la pili: nilimwagilia kila siku. Mwagilia mara moja siku ya kuchomeka, kisha funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kizibo kikiwa wazi. Ndani patabaki na unyevu wenyewe. Chupa ikilowa hadi huoni ndani, ifunue saa moja hivi. Mchanga ukikauka kidole kimoja kwenda chini, ongeza maji kidogo. Na kosa la tatu, ambalo shemeji naye amelifanya: chupa juani. Zile zilikuwa jiko, si kitalu. Weka kivulini penye mwanga, chini ya mwembe kwa mfano.

Baada ya wiki tatu hivi vuta tawi taratibu. Likikataa kung'oka, limeshika. Usiling'oe kulikagua! Najua utaling'oa.

Unga wa kuchochea mizizi wanauza. Situmii, penta hahitaji.

Hatua ya 4: Chungu

Tawi likishashika, lihamishie kwenye chungu: udongo, mboji na mchanga, sawa kwa sawa. Chungu cha udongo kuliko cha plastiki, hasa Dar, kwa sababu kinapumua na masika hakigeuki kidimbwi. Zoesha jua polepole, kisha lipate saa sita kwa siku au zaidi.

Hatua ya 5: Kata ncha

Mmea ukifika kimo cha kiganja, vunja ncha. Utajaza matawi badala ya kurefuka. Mashada yaliyokauka yakate, mengine yatakuja.

Hatua ya 6: Vipepeo wenyewe

Hapa sharti ni moja tu: usipulizie dawa ya wadudu. Kiangazi utitiri mwekundu ukifuma utando chini ya majani, piga maji kwa nguvu upande ule wa chini, siku kadhaa mfululizo.

Penta anatoa chakula cha kipepeo mzima, lakini kiwavi anataka jani lake. Yule mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano hutaga kwenye mndimu na mchungwa. Viwavi wake wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege, na mama mkwe aliwaua wote kwa fagio kabla sijamwambia. Kama una mndimu, weka vyungu karibu nao na umwonye kila anayefagia.