Wikendi Mji Mkongwe Ukitokea Dar: Nenda na Saa

Wageni wengi huingia Mji Mkongwe wa Zanzibar na orodha ya majengo, wakaanza kuyazunguka saa sita mchana. Ikifika jioni wamechoka, na jioni ndiyo yenyewe. Soko ni la asubuhi, vichochoro ni vya alasiri, Forodhani, bustani ya ufukweni yenye vyakula, ni ya usiku. Ukishika hilo, mengine yanajipanga.

Boti za mwendo kasi kutoka bandari ya Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Panda ya Ijumaa alasiri, urudi Jumapili alasiri. Utalala siku mbili na Jumamosi yote ni yako. Tiketi kata mtandaoni au dirishani. Anayekukimbilia barabarani akisema nafasi zimekwisha ila yeye anazo, anatafuta cha juu. Beba kitambulisho chenyewe, usitegemee picha kwenye simu, na jina la tiketi lifanane nacho. Fika saa moja kabla, maana mizigo inapitishwa kwenye mashine na foleni ya Ijumaa haina huruma.

Juni hadi Septemba ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini. Wakati wa kwenda, mawimbi yanakusukuma kwa nyuma. Kurudi Dar boti inayakabili, na hapo ndipo mifuko ya kutapikia inapogawiwa. Kaa sehemu ya chini, katikati au nyuma kidogo. Mbele ndiko boti inakonyanyuka na kudunda. Dawa ya kichefuchefu inywe kabla ya kupanda, kwa sababu ukishaanza kutapika haikai tumboni.

Mizigo iwe begi la mgongoni. Vichochoro vingi havipitiki kwa gari, kwa hiyo sanduku utalikokota mwenyewe hadi mlangoni. Nje ya bandari ya Malindi utapokewa na papasi, vijana wanaojitolea kukupeleka hotelini. Waambie una mwenyeji, shukuru, endelea na safari: kamisheni ya papasi huongezwa kwenye bei ya chumba chako. Kufika Forodhani fuata ufukwe, bahari ikiwa kulia kwako. Ni robo saa kwa miguu.

Utapotea, hilo halina mjadala. Ramani ya simu inayumba katikati ya kuta ndefu. Lakini mji huu una bahari pande mbili, na upande wa tatu umefungwa na barabara kuu ya Darajani. Shika uelekeo mmoja usigeukegeuke, utatokea kwenye maji au kwenye daladala. Ukitaka kuuliza, anza na salamu, na kwa mtu mzima anza na shikamoo. Swali bila salamu huku ni utovu wa adabu. Mabega na magoti yafunikwe, hasa nje ya ufukwe. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana.

Jumamosi uwe soko la Darajani mapema. Jengo la soko ni la 1904, na upande wa samaki kuna mnada unaostahili kusimama kando ukasikiliza tu. Viungo nunua hapa, ila vichunguze. Karafuu nzuri ina kichwa chake, na ukiiminya kwa ukucha inatoa mafuta. Iliyokwisha kukamuliwa ni kavu, nyepesi, na ukiitia kwenye glasi ya maji inaelea imelala. Nzima huzama au husimama wima. Iliki chagua ya kijani iliyofunga. Vikapu vidogo vya viungo vilivyofungwa kwa plastiki ni zawadi za kupiga picha, harufu ilishaondoka. Karafuu chukua paketi ndogo ya jikoni. Kusafirisha nyingi bila kibali ni magendo.

Kutoka sokoni ni karibu kufika Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Altare iko mahali palipokuwa na mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Anayependa Kiswahili atafute pia kaburi la Askofu Edward Steere, mmoja wa walioandika mapema sarufi ya lugha hii. Mpe saa nzima mwongozaji wa hapo hapo, hapafai kuharakishwa.

Adhuhuri kula, kisha ulale. Beit-al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, itazame kwa nje. Sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, kwa hiyo usiijengee ratiba ya kuingia ndani.

Alasiri kivuli kikishaingia vichochoroni, angalia milango. Yenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni ya mtindo wa Kiarabu; mingi yenye tao na miiba ya shaba imetokana na Wahindi. Pumzika kwenye kijiwe kiitwacho Jaws Corner kwa kikombe cha kahawa chungu na kashata, ukiangalia watu wakicheza dhumna. Kupiga picha watu, omba kwanza.

Forodhani nenda baada ya magharibi, na uliza bei kabla mtu hajaweka kitu kwenye sahani. Mishkaki ya samaki na pweza iliyopangwa mezani huenda imeiva mapema na inapashwa tu moto; hapo ndipo matumbo yanapoharibika. Chagua kinachopikwa mbele yako. Pizza ya Zanzibar ni unga uliotandazwa mwembamba, nyama ya kusaga, kitunguu, yai na jibini, unakunjwa mraba na kukaangwa. Ila mwenye usiku mmoja tu ale urojo: rojo ya moto ya manjano yenye uchachu wa embe mbichi au ndimu, ndani viazi, bajia, kachori, juu chatne ya nazi na chipsi za muhogo. Chipsi ziombe mwishoni zisilainike, na pilipili ionje kwa ncha ya kijiko.

Jumapili asubuhi, upepo ukiwa bado haujapanda, unaweza kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe wakubwa. Wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Boti za injini hufika kwa kama nusu saa. Patana bei ya boti nzima, kwenda na kurudi, na ulipe mkirudi. Kagua maboya yapo ya kutosha. Kiingilio cha kisiwa ni pesa nyingine, kiulizie kabla hamjang'oa nanga. Saa tano uwe umerudi, la sivyo boti ya Dar utaipandia ukiwa na chumvi mwilini.