Jinsi ya kumwonyesha shosho Star Wars, ukiwa Nakuru

Usianze na filamu ya kwanza ya Star Wars, ule mfululizo wa filamu za vita vya angani. Najua mashabiki wenzangu wa hapa mjini watanirukia, maana hawachoki kubishana kama mgeni aanze na ile ya 1977 au na zile zilizokuja baadaye kusimulia yaliyotangulia. Huo ni ubishi wa watu ambao tayari wamependa. Shosho, yaani bibi yako, bado. Mpe kwanza kitu kilicho chake.

Kitu hicho kimo ndani ya Return of the Jedi ya 1983. Kuelekea mwisho, waasi wanapokwenda kuishambulia Death Star ya pili, ngome ya angani ya Himaya, ile dola dhalimu wanayopigana nayo, mwenzao Lando Calrissian ndiye anayeendesha chombo kiitwacho Millennium Falcon, na kando yake ameketi rubani msaidizi mwenye mashavu yaliyoning'inia na macho meusi makubwa. Anaitwa Nien Nunb. Sauti yake ilirekodiwa na Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, Kipsang Rotich, na maneno yanayomtoka ni Kikuyu. Jina la Kikalenjin, maneno ya Kikuyu, kwenye kiti kimoja cha rubani: hiyo ni Nakuru kabisa, na kila nikiitazama nafurahi upya.

Itafute sehemu hiyo mapema, uisimamishe pale pale. Zima maandishi ya chini ili shosho atumie masikio. Filamu yenyewe haimtafsirii Nien Nunb, Lando humjibu tu kama jirani. Sauti ndiyo kazi kubwa. Kama milipuko inatikisa dirisha na mazungumzo hayasikiki, ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague stereo (spika mbili) badala ya 5.1 (spika sita). Spika ya Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti, midomo ikatangulia na maneno yakafuata. Waya ni bora, lakini kama huna, kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza J mpaka vilingane. Chaji kompyuta ijae, hasa msimu wa mvua, maana stima za huku mnazijua.

Halafu nyamaza. Usimdokezee lolote. Mwite wakati wa chai, bonyeza, ngoja. Shosho wangu aliweka kikombe chini akasema, "Rudisha hapo." Nikarudisha. Akauliza huyo ni kijana wa wapi. Nilipomtajia jina la Rotich, akamtuma mtoto aende kumwita kogo, bibi wa Kikalenjin wa nyumba ya pili, na tangu hapo sikuwa na haja ya kumshawishi mtu.

Sasa ndipo urudi kwenye ile ya 1977, kisha ile ya 1980, umalizie na ya 1983 yote. Moja kwa jioni inatosha, kila moja ni ya saa mbili na zaidi kidogo. Usikatae kusimamisha filamu ili kujibu swali. Utaulizwa mbona vyombo vinanguruma angani, na jibu la haki ni kwamba pale hakuna hewa, kwa hiyo hakuna sauti. Milio yote ilitengenezwa. Ule mlio wa ndege ndogo za Himaya, msanifu wa sauti Ben Burtt aliutunga kwa kuchanganya sauti ya tembo na ya gari linalopita kwenye lami yenye maji. Hifadhi ya Ziwa Nakuru haina tembo hata mmoja, lakini sebuleni mtamsikia.

Watoto wape Darth Vader, yule adui mwenye vazi jeusi. Ndani ya vazi lile yumo David Prowse, ila sauti ni ya James Earl Jones, aliyekuwa pia Mufasa katika The Lion King ya 1994. Waambie wafumbe macho wasikilize, watamtambua. Binamu anayesoma fizikia naye atadakia rubani Han Solo anapotaja parsec kana kwamba ni muda, ilhali ni umbali, takriban miaka ya nuru 3.26. Mwache adakie, ana haki.

Wakishazoea, waonyeshe The Force Awakens ya 2015. Nien Nunb yumo tena, na sauti ni ya Rotich yule yule. Yumo pia Maz Kanata, kibibi wa rangi ya machungwa mwenye miwani mikubwa. Mwili huo ni wa kompyuta, lakini sauti na mienendo ya uso ni ya Lupita Nyong'o, mwigizaji Mkenya wa asili ya Kijaluo, ambaye alizaliwa mwaka ule ule wa 1983. Hapo waite na majirani wenye asili ya Kisumu, ila ongeza viti kwanza.