Kukokotoa joto la uso wa sayari kwa kikokotoo cha kawaida

Tafuta namba mbili: umbali wa sayari kutoka kwenye Jua, ukichukulia umbali wa Dunia kuwa 1, na albedo yake, yaani sehemu ya mwanga wa Jua inayoakisiwa na kurudi angani.

Kwenye umbali wa Dunia, Jua linamwaga wati 1,361 kwa kila mita ya mraba inayolikabili moja kwa moja. Kwa sayari nyingine, zidisha umbali wake kwa wenyewe, kisha ugawe 1,361 kwa jibu hilo. Zidisha kwa 1 toa albedo, halafu gawanya kwa 4. Hiyo 4 ndiyo husahaulika: sayari inakinga mwanga kama sahani bapa, lakini inapoteza joto kwa tufe zima, lenye eneo mara nne ya sahani hiyo.

Dunia ina albedo ya 0.30, hivyo 1,361 × 0.70 ÷ 4 = 238.2. Sasa gawanya kwa 5.67, bonyeza alama ya kipeuo cha pili mara mbili, zidisha kwa 100. Unapata Kelvini 255. Toa 273, inabaki nyuzi -18 za Selsiasi. Usitoe 273 kabla ya hatua hii ya mwisho.

Lakini wastani halisi wa Dunia ni kama nyuzi 15. Pengo hilo la nyuzi 33 linatokana na angahewa: mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi hunasa joto linalopanda kutoka ardhini na kurudisha sehemu yake chini.

Jaribu Zuhura: umbali 0.723, albedo 0.76. Utapata kama -44, chini ya Dunia, maana mawingu yake hufukuza mwanga mwingi. Ukweli ni nyuzi 464! Hewa yake, karibu yote kaboni dayoksaidi, ina shinikizo la mara 92 ya letu. Mirihi nayo ina asilimia 95 ya gesi hiyohiyo, ila hewa yenyewe ni nyembamba mno, na pengo lake ni dogo. Kwa hiyo angalia wingi wa gesi, usiishie kwenye asilimia.

Utaridi haina hewa ya maana na huzunguka polepole: mchana nyuzi 430, usiku -180, kwa hiyo wastani wake haukuambii kitu. Mshtarii nayo hutoa joto zaidi kuliko inalopokea, kwa kuwa ina joto lake la ndani. Ziada hiyo usiihesabie angahewa.